Papa Aliomba Kipande Kimoja Tu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia bila kuiita, nikiwa ninachambua mchele au nimekaa tu hapa barazani. Ilikuwa Jumamosi alasiri, wakati wa kiangazi, hapa Uvira. Ndani ya kanisa letu lililo karibu na ziwa, kaka yangu Yoshua alikuwa amekaa kwenye piano. Madirisha yalikuwa yamefungwa, mlango nao umefungwa, na mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya mashine ya kurekodi nikingoja anipe ishara kwa kichwa. Jasho lilikuwa linatutiririka sote wawili. Mara mlango ukabishwa.

Haukubishwa kwa nguvu. Ulibishwa kama anavyobisha mtu anayejua kwamba anasumbua. Yoshua akashusha mikono mapajani, akafumba macho, akasema, "Fungua, Salome. Imekwisha kuharibika."

Alikuwa baba yetu. Alikuwa ametoka Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga, amepanda juu ya magunia kwenye lori, na koti lake la ibada lilikuwa limegeuka rangi ya vumbi. Akavua kofia. Akauliza kwa sauti kubwa, kwa maana siku zile tayari alikuwa anasema kwa sauti kubwa bila kujua, "Batoto wangu, imeisha?"

"Bado, Papa," Yoshua akajibu. "Iko karibu."

"Basi unipigie kimoja tu. Kile kidogo. Halafu nitarudi."

Kaka yangu aliangalia mikono yake. "Papa, ngoja zote ziishe. Miye sitaki usikie kazi nusu. Zikiisha, utakaa hapa mbele, nitakupigia tangu ya kwanza mpaka ya mwisho."

Papa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akapumzika kidogo kwenye benchi la nyuma, akanywa maji niliyompa, kisha akatoka kwenda kutafuta lori la kurudi.

Usimhukumu upesi kaka yangu, mwanangu. Alimpenda baba yake kuliko wengi ninaowajua. Acha kwanza nikuambie mambo yalivyoanza.

Baba yetu, Mwalimu Elia, aliongoza korale, yaani kwaya ya kanisa lile, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Piano yenyewe ililetwa kwa meli kutoka Kigoma na wamisionari, kabla sisi hatujazaliwa. Papa alikuwa kijana wakati ule, anafagia kanisa, na kila alasiri mama mmoja wa wamisionari alikuja kupiga kipande kimoja kifupi, cha mtunzi wa Kijerumani wa zamani sana, mtu wa vinanda vya makanisa. Papa alikuwa anaegemeza ufagio ukutani na kusimama mpaka kiishe. Baadaye yule mama alimfundisha nyimbo za ibada, na alizipiga vizuri. Lakini kile kipande hakikukubali. Vidole vyake vilikuwa vya mtu wa jembe, vinene, na kipande kile kinataka mkono wa kushoto utembee njia yake na wa kulia njia yake, kama watu wawili wanaojadiliana bila kugombana. Kwa hiyo akakigeuza kuwa mluzi. Tulikua tukiusikia mluzi ule shambani, asubuhi, anapofungulia maji ya mpunga.

Yoshua alipofikisha umri wa kwenda shule, Papa alimketisha mbele ya piano ile, miguu yake ikining'inia. Ilionekana mapema kwamba mtoto yule ana kitu. Akapelekwa Bujumbura kwa mwalimu mzuri, akivuka mpaka na begi lake la karatasi za muziki, na kutoka Bujumbura akapata nafasi ya kusoma Ulaya. Vita vya hapa kwetu vilimkuta huko. Kwa miaka mingi tulikuwa tunasikia sauti yake kwenye simu tu, siku ambazo simu zilikubali.

Kisha akarudi. Watu walishangaa, kwa sababu wakati ule waliokuwa huko hawakuwa wanarudi. Alikuja na sanduku la nyuzi za piano na mashine ya kurekodi, akaniambia, "Salome, nataka kurekodi vyote alivyoandika yule mzee Mjerumani kwa ajili ya kinanda. Vyote, bila kuacha hata kimoja. Na nataka kuvirekodi kwenye piano ile ile ambayo Papa aliniketisha."

Mtunzi yule, ujue, hakuwahi kuona piano kama yetu. Kazi zake alizipiga kwenye kinanda cha zamani ambacho ukigusa kibao, ndani uzi unakwanguliwa kama kwa ukucha, na sauti inatoka kali na nyembamba, huwezi kuikuza wala kuishusha. Walimu wa Yoshua huko Ulaya walimwambia kwamba muziki ule unataka kinanda kile, wala si piano ya leo. Yeye aliwasikiliza kwa heshima na akaendelea na lake. Siku moja nilimuuliza kwa nini anakuwa mkaidi. Akasema, "Sauti nyembamba zinamkimbia Papa. Piano hii ina tumbo. Nikitaka inong'one, inanong'ona. Nikitaka ipaze sauti mpaka benchi la nyuma, inapaza. Hiyo ndiyo ataisikia."

Sasa unaona, mwanangu. Ile kazi yote, tangu mwanzo, alikuwa anaifanya kwa ajili ya masikio ya baba yake.

Niliacha biashara yangu ya vitenge siku kadhaa kila juma ili nimsaidie. Nilidhani ni kazi ya miezi. Ilikuwa ya miaka. Piano ya kando ya ziwa haitulii: unyevu unaingia usiku, na asubuhi nyuzi zimelegea, kwa hiyo kila siku alianza kwa kuzikaza moja moja. Mvua ikinyesha, bati la kanisa linageuka ngoma na hakuna cha kurekodi. Jua likiwaka, yanapita malori, wanapita wanafunzi wakiimba, inapita harusi na matarumbeta yake. Korale walikuwa na mazoezi yao. Akina mama wa maombi walikuwa na siku zao, na huwezi kumwambia mtu anayemlilia Mungu apunguze sauti. Nyuma ya kanisa kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Rajabu, ambayo ikinguruma hata vitabu vya nyimbo vinatetemeka.

Mzee Rajabu alikuwa Mwislamu wa hapa hapa mjini, mjukuu wa wale waliokuja zamani kufanya biashara ziwani. Alikuwa rafiki wa baba yetu tangu ujana. Ni yeye aliyekuwa anaagiza nyuzi kutoka Kigoma, zile za sandukuni zilipoisha. Na Yoshua alipomwomba awe anazima mashine yake alasiri, aliizima, ingawa wateja walikuwa wamekaa kwenye magunia yao wakimtazama.

Hata kukiwa kimya kabisa, kaka yangu hakuridhika. Akikosea kidogo, jambo ambalo mimi sikulisikia kabisa, alisimama na kusema, "Tena." Neno hilo nimelisikia kuliko jina langu. Kile kipande kidogo cha Papa kilikuwa cha kwanza kurekodiwa, na siku hiyo alikipiga vizuri mpaka machozi yakanitoka. Jioni akakisikiliza kwa makini, akaniambia kwamba katikati inasikika pikipiki, mbali sana, upande wa soko. Akakifuta. Nilimsihi asikifute, lakini akasema, "Papa atasikia pikipiki." Akakiweka kando, akasema atakirudia mwisho wa kazi, siku ambayo mkono wake utakuwa umeiva.

Wakati huo masikio ya Papa yalikuwa yanaondoka. Kwanza hakuwasikia ndege. Kisha sauti za wanawake wa korale zikaanza kumpotea, akawa anawaambia wapandishe sauti huku wakiwa wamekwisha kupandisha mpaka koo linauma. Wazee wa kanisa wakamwomba kwa upole ampishe kijana mwingine aongoze. Hakulalamika. Alikwenda kukaa Luberizi shambani, na kila alipopata lori alikuja mjini kuuliza kama imeisha. Na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Basi Jumamosi ile, Papa alipotoka, mlango haukukaa umefungwa muda mrefu. Aliingia Mzee Rajabu, akavua kofia yake, akasimama kati ya mabenchi. Hakuwa na desturi ya kuingia kanisani.

"Yoshua, mwanangu, shikamoo yako nitaipokea baadaye," akasema. "Baba yako amepita kwangu, pale kwenye mashine. Nimemuuliza, umesikia muziki wa mwanao? Ameniambia bado, kazi haijaisha. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee wangu."

"Hapo ulipo hujamaliza hata kimoja?"

"Viko vingi vimekwisha. Lakini bado nataka kuvisikiliza tena. Viko na makosa."

Mzee Rajabu akavuta pumzi. "Mimi si mtu wa muziki, na nyumba hii si yangu, mnisamehe. Lakini huyu mzee wenu Mjerumani alikufa zamani. Hana haraka. Atakungoja wewe, atawangoja na wajukuu zako. Elia hawezi kungoja. Leo nimemwita mara tatu mgongoni mwake, hakugeuka."

Yoshua akasema polepole, "Nikimpa kitu kibovu, ndicho atakachobaki nacho."

"Na usipompa, atabaki na nini?"

Mzee Rajabu akanitazama mimi, akatazama mashine, kisha akavaa kofia na kutoka. Alasiri ile hatukurekodi tena. Yoshua alikaa kwenye piano, mikono mapajani, mpaka nikaanza kuogopa. Halafu akaniambia, "Umtumie Papa neno kwa dereva. Si kesho, Jumapili ya juma lijalo, baada ya ibada, aje. Nitampigia kile chake, kikiwa vile kilivyo."

Nilifurahi, mwanangu. Nilikwenda mwenyewe kwenye maegesho, nikamtafuta dereva wa kwenda Luberizi, nikampa ujumbe na kumtaka aurudie kwa mdomo wake nisikie.

Ijumaa, kabla ya Jumapili hiyo, milio ya bunduki ikasikika bondeni, huko kwenye uwanda wa Ruzizi, na barabara ikafungwa. Weye umezaliwa hapa, huna haja nikueleze ilivyo. Malori yalisimama. Watu wa vijiji vya bondeni, Bwegera na Katogota, walikuja kwa miguu wakiwa na magodoro kichwani, na kila niliyekutana naye nilimuuliza habari za Mwalimu Elia. Walisema yuko, amekataa kuacha mpunga wake. Barabara ilipofunguliwa, mvua zilikuwa zimeanza na nyuzi mbili za piano zilikuwa zimekatika. Mzee Rajabu alikuwa ameagiza nyingine, lakini meli ilichelewa. Nikamwambia kaka yangu, kwa jina tunalomwita mkubwa wetu hapa, "Mwite tu, Yaya. Mpigie hivyo hivyo." Akasema nyuzi zenyewe ziko mahali pa wimbo, kipande kitasikika kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele. Juma moja tu, akasema. Zikifika namwita.

Kabla hazijafika, tulipata habari kwamba Papa anaumwa.

Nilikwenda mimi. Nilimkuta kwenye kitanda cha kituo cha afya, homa imempanda mpaka haniiti kwa jina langu, anamwita marehemu mama yetu. Siku nyingi nilikaa pale nikimpa uji kwa kijiko. Homa ikashuka, Mungu asifiwe. Lakini asubuhi alipofungua macho na kunitambua, nilimsalimia, naye akanitazama mdomo. "Salome, sema kwa nguvu," akasema. Mimi nilikuwa tayari ninapiga kelele, mpaka wagonjwa wengine waligeuka. Muuguzi alisema pengine ni homa, pengine ni dawa kali, pengine ni uzee uliokuwa unakuja na ugonjwa ukausukuma. Pengine usikivu utarudi kidogo, akasema.

Tulipofika nyumbani, Papa alikaa mlangoni akiangalia shamba lake. Akakunja midomo, akapiga mluzi wake. Ulitoka safi kabisa, kama zamani. Alifika katikati, akasimama, akanigeukia. "Inatoka?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Hakuumalizia. Sikumsikia tena akipiga mluzi.

Niliporudi mjini nilimweleza Yoshua yote, sikupunguza neno. Alisikiliza hadi mwisho. Nadhani hakuamini. Au aliamini kwamba piano ile, yenye tumbo, itapita mahali ambapo sauti yangu haikupita. Nyuzi zilikuwa zimefika, naye kila mvua ilipokatika alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Hakusema "tena" kila mara kama zamani. Alikubali vipande ambavyo mwanzoni angevikataa, na mimi, msikilizaji wa kawaida, sikuona tofauti yoyote. Kazi iliyokuwa imevutwa kwa miaka ikaisha kabla mvua hazijaisha. Mwisho kabisa akarekodi kile kidogo. Kisha akasema, "Sasa kamlete Papa."

Papa alivaa koti lake, nimelifua na kulipiga pasi. Tulimketisha mbele kabisa, kama alivyoahidiwa. Korale walikuja, majirani walikuja, Mzee Rajabu alikuja na mke wake wakakaa karibu na mlango. Yoshua aliinama mbele ya baba yetu, akamshika mikono yote miwili, kisha akakaa kwenye piano. Piano ya kanisa lile imesimama ukutani, na anayeipiga anawapa watu mgongo. Mikono yake huioni.

Akaanza kile kidogo. Mwanangu, sina maneno ya kukueleza. Kanisa lote lilinyamaza, hata watoto wa nje. Nilikuwa nimekaa kando ya Papa, nikitazama uso wake nione kama kitu kinaingia. Alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti, anatazama mgongo wa mwanawe kwa subira kubwa.

Kipande kilifika katikati. Papa akaniinamia, na kwa sauti ile yake kubwa ambayo hakujua ni kubwa, akauliza, "Salome, anangoja nini? Mwambie aanze."

Watu wote walisikia. Na Yoshua alisikia. Mikono ikasimama pale pale.

Alipogeuka, Papa aliuona uso wake, na hapo akafahamu. Akatutazama sisi sote tuliokuwa tunalia, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu waliofika msibani. Kisha akasimama, akatembea mpaka kwenye piano, akaweka mkono kwenye bega la mwanawe. "Kumbe ulikuwa umeanza," akasema. "Unisamehe. Anza tena, nitaangalia vidole."

Yoshua akaanza tena. Papa alisimama pale akiangalia vidole mpaka vikaacha kutembea. Akauliza, "Umemaliza?" Yoshua akaitikia kwa kichwa. "Asante," Papa akasema. "Kazi nzuri." Akarudi kukaa.

Alifariki Luberizi baada ya mavuno yaliyofuata, usingizini, bila maumivu. Kazi ya Yoshua ilitoka, ikapigwa kwenye redio za nchi ambazo mimi sitafika, na watu wenye elimu ya mambo hayo walimsifu. Alibaki hapa akifundisha, na kwenye masomo yake milango ilikuwa wazi, anayetaka aingie akae. Lakini rekodi zenyewe hakuzisikiliza. Siku moja nilimuuliza, "Yaya, sema kweli, ilitoka vizuri?" Akasema, "Ilitoka vizuri. Haina kelele hata moja, Salome." Akainuka, akaenda kusimama kando ya ziwa, na mimi nikamwacha.

Naye Yoshua amekwisha kumfuata Papa. Nimebaki mimi wa kukuambia.

Sikiliza basi, mwanangu. Sikwambii ufanye kazi ovyo. Baba yangu mwenyewe asingependa niseme hivyo. Kazana, rudia, sahihisha, mpaka uridhike. Lakini walio wako, waliokuweka kwenye kiti ulichokalia, usiwaweke kwenye foleni moja na watu wa mbali. Watu wa mbali watapata kazi yako ikiwa imekamilika, na itawatosha. Baba yako mpe leo ile nusu yenye makosa. Mama yako msomee ukurasa huo huo uliochafuka. Mtu wako akibisha mlango katikati ya kazi, usimwambie imeharibika. Mfungulie, mketishe, mwonyeshe ulipofika, hata kama pikipiki inapita nje. Hujui barabara itafungwa siku gani.

Nenda sasa, na Mungu awe mbele yako. Akupe kazi unayoipenda, akupe na watu wa kuipokea wakiwa bado wanaona na bado wanasikia. Awatunze wazee wako mpaka uwashibishe. Na siku watakapokuita, uitike upesi. Amina.